Fainali iliyonyeshewa Hangzhou: kwa nini dhahabu ilikwenda India, na kanuni gani uandike kwenye mashindano yako

*"Shikamoo mwalimu. Nafundisha kriketi vijana wa chini ya miaka 17. Juzi tulikuwa tunapitia matokeo ya wanaume kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou. Kwenye fainali Afghanistan walikuwa na mikimbio 112 kwa wiketi 5, mvua ikanyesha, mechi ikavunjwa, India wakapewa dhahabu bila kupiga hata mpira mmoja. Kijana wangu mmoja akaniuliza, 'Kocha, huo si wizi?' Nikamwambia ni hesabu za Duckworth-Lewis. Akasema, hesabu gani wakati India hawakupiga? Nikakwama. Isitoshe, siku ileile na kwenye uwanja uleule, Bangladesh na Pakistan walicheza ova tano tano tu na shaba ikapata mwenyewe. Kwa nini fainali isifanyiwe hivyohivyo? Nauliza pia kwa sababu nimepewa kazi ya kuandaa kriketi ndani ya tamasha la michezo mingi: siku nne, uwanja mmoja, majira ya mvua. Sitaki na mimi yanikute. Niandike nini kwenye kanuni?"*

Marahaba, kocha. Kijana wako ana jicho, na hapo alipokubana amekubana kwa haki: huwezi kupiga hesabu za timu ambayo haijaingia kupiga. Usione haya kwamba ulikwama. Watu wengi wanaoupenda mchezo huu huitaja Duckworth-Lewis, ile njia ya kukokotoa lengo jipya mvua ikikata mechi, kila wanaposikia neno mvua, kana kwamba ndiyo dawa ya kila tone. Siku ile dawa hiyo haikutumika kwenye fainali kabisa. Nitaanza na swali la kijana, kisha nije kwenye tamasha lako, maana kwa kweli ni swali moja: mvua ikishakataa, nani aliandika mapema kitakachofuata, na aliandika nini?

Tukumbushane kwanza kilichotokea, na kwa msomaji mgeni: ova ni mipira sita inayorushwa mfululizo, na wiketi ni mpigaji aliyetolewa. Ilikuwa tarehe 7 Oktoba 2023, uwanja wa Pingfeng, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Zhejiang. India walishinda kura ya sarafu wakachagua kurusha. Afghanistan walipoteza wiketi za mwanzo haraka, halafu Shahidullah na nahodha Gulbadin Naib wakatulia na kuijenga zamu upya. Ova ya 18 ilipokwisha na mipira miwili ya ova iliyofuata, mvua ikaingia. Ubao ulisoma 112 kwa 5. Shahidullah alikuwa na 49, hajatoka. Hawakurudi tena uwanjani. Mechi ikatangazwa kuwa haina matokeo, na dhahabu ikaenda India kwa sababu ndiyo timu iliyokuwa imepangwa juu zaidi kwa viwango vya ubora kabla ya mashindano kuanza.

Basi jibu la kijana ni hili: si wizi. Kanuni ile ilikuwepo kabla ya fainali na ilikuwa imeshatumika palepale wiki mbili nyuma, kwenye kriketi ya wanawake. Robo fainali tatu kati ya nne za wanawake ziliharibiwa na mvua. India walikuwa wameweka 173 kwa wiketi 2 katika ova 15, Malaysia wakapokea mipira miwili na kupata mkimbio mmoja, mvua ikamaliza habari. India wakasonga mbele kwa kanuni hiyohiyo, Pakistan wakasonga mbele ya Indonesia, Bangladesh wakasonga mbele ya Hong Kong. Kwa hiyo hakuna aliyekaa chini siku ya fainali akabuni kitu cha kuwabeba India, na waamuzi waliosimama uwanjani hawakuchagua bingwa. Wao waliamua jambo moja tu, kwamba mchezo hauwezi kuendelea. Mengine yalikuwa kwenye karatasi.

Lakini mwambie pia kwamba kile anachokihisi moyoni kina msingi. Kanuni inaweza kufuatwa herufi kwa herufi na bado ikawa kanuni dhaifu kwa kazi iliyopewa. Nitakuja hapo.

Sasa hiyo Duckworth-Lewis, ambayo siku hizi inaitwa Duckworth-Lewis-Stern au DLS. Ili umweleze kijana vizuri, anza na msiba ulioizaa. Machi 1992, nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Sydney, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13 dhidi ya Uingereza. Mvua ikanyesha kama dakika kumi na mbili. Kwa kanuni ya wakati ule, walipotoka tena walitakiwa kupata mikimbio 21 kwa mpira mmoja. Mpira mmoja! Kikomo cha kawaida cha mpira mmoja ni sita. Wanatakwimu wawili wa Kiingereza, Frank Duckworth na Tony Lewis, walitengeneza njia iliyo bora zaidi, ikatumika mara ya kwanza Harare tarehe 1 Januari 1997, Zimbabwe wakicheza na Uingereza. Steven Stern akaja kuinoa baadaye.

Wazo lake si gumu, hata kama majedwali yake ni magumu. Timu inayopiga ina mali mbili: mipira iliyobaki na wiketi zilizobaki. Ukiwa na mipira mingi mbele yako, unazitunza wiketi zako, hukimbilii kupiga juu. Ni kama msafiri mwenye safari ya siku ishirini: siku ya kwanza hamalizi pumzi yake yote. Ukimwambia jioni ya siku ya tano kwamba safari imeishia hapo, atakuwa amebaki na nguvu ambayo hakuitumia, na kumpima kwa umbali aliokwenda tu ni kumwonea. DLS inapima nguvu iliyobaki.

Mechi ya shaba uliyoitaja ndiyo mfano mzuri kuliko wote ninaoujua wa kufundishia jambo hili, na ningekushauri uwachoree vijana ubaoni. Pakistan walipiga ova tano wakapata 48 kwa wiketi 1. Walikuwa wakipiga kama watu wenye zamu ndefu zaidi mbele yao, na wiketi tisa zilikuwa bado mkononi. Mvua ikaikata zamu yao hapo. Bangladesh wao waliingia wakijua tangu mpira wa kwanza kwamba wana ova tano tu, na wana wapigaji wote. Wangeweza kupiga kila mpira kwa nguvu bila kuogopa kutoka. Kwa hiyo lengo halikuwa 49, lilikuwa 65. Mtu asiyejua ataona Pakistan wamezawadiwa mikimbio 16 ya bure. Hapana, wamerudishiwa thamani ya wiketi ambazo hawakupewa nafasi ya kuzitumia. Na tazama jinsi mizani ilivyokaa: Bangladesh walipoteza wiketi nne, mpira wa mwisho ukafika kazi haijaisha, Rakibul Hasan akaupeleka mpakani kwa mikimbio minne, wakafika 65. Lengo linaloamuliwa na mpira wa mwisho ni lengo lililopimwa vizuri.

Hapo sasa utaona kwa nini shaba iliwezekana na dhahabu ikashindikana. Kwenye mechi za T20, yaani za ova 20 kwa kila timu, kwa kawaida matokeo hayahesabiki mpaka timu ya pili nayo iwe imepewa angalau ova tano. (Kwenye nusu fainali na fainali za Kombe la Dunia la T20 sharti ni gumu zaidi, ova kumi.) Chini ya ova tano, mpigaji mmoja akiamka vizuri au mrushaji mmoja akiteleza, mechi imekwisha, na hesabu yoyote utakayofanya ni ubashiri tu. Bangladesh walizipata ova zao tano. India hawakupata hata moja. Kwa hiyo wale wanaosema Afghanistan "walikuwa wanaongoza" wanakosea, na wale wanaosema India "wangelifikia 112 bila shida" wanakosea vilevile. Mechi ile ilikuwa nusu. Hakuna hesabu duniani ya kuijazia nusu ya pili.

Kinachouma ni jinsi muda uliohitajika ulivyokuwa mdogo. Zamu ya ova 20 hupangiwa dakika 85, yaani kama dakika nne na ushee kwa ova. Zamu ya Afghanistan ingeweza kukatwa palepale kwenye 112, India wapewe ova tano, lengo lipigwe kwa DLS. Ova tano ni dakika ishirini na kidogo. Mtu akiyasikia hayo anauliza, jamani, zimekosekana dakika ishirini?

Naomba nikueleze kidogo kinachotafutwa na mwamuzi anapotoka na mwavuli, kwa sababu watazamaji wengi wanadhani sisi waamuzi tunaangalia mawingu. Mawingu tunayaangalia, ndiyo, lakini macho yetu yako chini. Pichi yenyewe, ule ukanda wa katikati mpira unaporushwa, hufunikwa turubai, mara nyingi huwa kavu. Shida iko pembeni. Ninaenda pale mguu wa mbele wa mrushaji unapotua, nakanyaga kwa kisigino na kukizungusha. Udongo ukifuata kiatu, hapachezwi. Mrushaji wa kasi hutua pale kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili wake mara kadhaa, goti moja limenyooka. Akiteleza, hatutazungumzia kombe tena, tutazungumzia upasuaji. Halafu naelekea sehemu ya nje, kwenye njia za wachezaji wanaokimbilia mpira, nabonyeza nyasi kwa kiganja. Maji yakipanda kati ya vidole, nusu saa ya jua haitoshi. Na mpira wa ngozi ukilowa haushikiki, mrushaji wa mizunguko anabaki kuurusha tu kama jiwe. Kwa hiyo zile dakika ishirini za kucheza zinadai kwanza mvua ikome, turubai livutwe, maji yakaushwe, sisi tukague, wachezaji wapashe moto. Hata kwa uwanja mzuri ni saa nzima na zaidi. Na saa ina mwisho wake: kila mechi ina dakika ya mwisho ya kuanza tena, ikipita hiyo, basi.

Kwenye Kombe la Dunia la kriketi tungesema, tukalale, turudi kesho. Julai 2019 India na New Zealand walifanya hivyohivyo Manchester: nusu fainali ilianza tarehe 9 ikamalizika tarehe 10, ikaendelea pale ilipoishia. Hangzhou, fainali ilikuwa tarehe 7 na michezo yote ilifungwa tarehe 8. Uwanja mmoja ulibeba kriketi ya wanawake na ya wanaume, ukabeba na mechi mbili za medali siku moja. Huu ndio ugumu wa kriketi ndani ya michezo mingi, na ndipo tamasha lako linapofanana na Hangzhou. Kuogelea hakujali mvua. Soka inachezwa kwenye tope. Kriketi peke yake inaomba iongezewe siku, na ratiba kubwa ya michezo arobaini haina subira ya kuusubiri mmoja.

Hoja ya kijana wako ni nzito zaidi ukiangalia kipimo kilichotumika. Viwango vya ICC, baraza la kriketi la dunia, ni hesabu ya mechi za timu ya taifa kwa miaka kadhaa, na India walikuwa wa kwanza kwenye orodha ya T20. Lakini nani alivipata viwango hivyo? Kombe la Dunia la ova 50 lilikuwa limeanza India tarehe 5 Oktoba, siku mbili kabla, na wachezaji wakubwa wa India walikuwa huko. Hangzhou walipelekwa vijana chini ya Ruturaj Gaikwad. Si India peke yao: siku hiyohiyo ya tarehe 7, timu nyingine ya Afghanistan na timu nyingine ya Bangladesh zilikuwa zinacheza Dharamsala, India, kwenye Kombe hilo, na Bangladesh wakashinda kwa wiketi 6. Yaani taifa moja lilikuwa na timu mbili kwenye nchi mbili siku moja. Dhahabu ya timu iliyokuwa China ikaamuliwa kwa viwango vilivyojengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa kwingine.

Tazama pia njia zao. Afghanistan waliwatoa Sri Lanka kwa mikimbio 8, kisha wakawatoa Pakistan kwa wiketi 4. India waliwatoa Nepal kwa mikimbio 23, kisha Bangladesh kwa wiketi 9. Hizo ndizo mechi zote walizokamilisha, mbili mbili, kwa sababu timu tano za juu ziliingizwa moja kwa moja robo fainali bila kucheza makundi. Nepal, kwa mfano, walipita makundi kwanza, na huko ndiko walikowapiga Mongolia 314 kwa wiketi 3, wakawatoa wote kwa 41. Kama timu kubwa zingecheza makundi, kungekuwa na kitu cha kulinganisha ndani ya mashindano yenyewe. Hakikuwepo, wakarudi kwenye orodha ya nje. Kwa maoni yangu kipimo hicho kinavumilika kwenye robo fainali na hakivumiliki kwenye fainali. Fainali ni mahali pa watu wawili waliofika; orodha ya nje imeshafanya kazi yake ilipowapangia njia, isirudi mara ya pili kuwavisha medali.

Na kuna la moyoni kuhusu Afghanistan. Kriketi ya wanaume imechezwa kwenye Michezo ya Asia mara tatu: Guangzhou 2010, Incheon 2014 na Hangzhou. Afghanistan wamefika fainali zote tatu. Bangladesh waliwafunga kwa wiketi 5, Sri Lanka kwa mikimbio 68, ya tatu ikachukuliwa na mvua. Fedha tatu. Sijui timu nyingine ya kriketi inayobeba mzigo wa namna hiyo kwenye michezo hiyo, na kila nikiona lile 49 la Shahidullah kwenye kitabu cha alama, mkimbio mmoja kabla ya hamsini, moyo unanibana.

Usidhani lakini kwamba njia nyingine ni nyepesi. Incheon walitumia sarafu. Nusu fainali ya Bangladesh na Sri Lanka ilinyeshewa, sarafu ikarushwa, Sri Lanka wakaenda fainali na hatimaye wakatwaa dhahabu. Sarafu haina upendeleo, hilo ni kweli, ila haijui kriketi. Nimewahi kusimamia mechi ya vijana iliyoamuliwa hivyo, kwa sababu waandaaji hawakuandika chochote, na namkumbuka nahodha aliyeshinda: hakuinua mikono. Alitazama chini, akampa mwenzake mkono, wakaondoka pamoja. Sitaki kuiona tena.

Kugawana? Ilishafanyika. Septemba 2002, Colombo, fainali ya Kombe la Mabingwa la ICC kati ya Sri Lanka na India ilinyeshewa siku mbili mfululizo. Cha ajabu, siku ya pili hawakuendelea na mechi ya jana, walianza upya, kwa hiyo Sri Lanka walipiga ova 50 mara mbili na hakuna kilichotoka. Kombe likagawanywa. Na kwenye michezo mingi, Olimpiki ya Tokyo iliwapa Mutaz Essa Barshim na Gianmarco Tamberi dhahabu mbili za kuruka juu, na sijasikia mtu akisema medali zile ni nyepesi. Wapinzani wa kugawana wana hoja moja ya kweli: timu inayojiona dhaifu inaweza kuanza kuiombea mvua, na kuvuta miguu uwanjani ili saa iishe. Hilo linazuilika ikiwa waamuzi ni wakali kuhusu muda.

Njia ya nne ni kupima kwa matokeo ya makundi. Machi 2020, nusu fainali ya wanawake ya Kombe la Dunia la T20 mjini Sydney ilifutwa na mvua bila mpira kurushwa, India wakaenda fainali badala ya Uingereza kwa kuwa walikuwa wameongoza kundi lao. Uingereza waliumia sana, lakini angalau waliowashinda ni waliocheza vizuri zaidi palepale, kwenye mashindano yaleyale.

Sasa wewe, kocha. Una siku nne na uwanja mmoja. Jambo la kwanza ningelifanya ni kupigania ratiba kabla ya kupigania kanuni. Usikubali fainali iwekwe siku ya nne mchana ikisubiri sherehe ya kufunga. Omba fainali siku ya tatu asubuhi, na asubuhi ya siku ya nne iachwe wazi kwa jina lake, isiazimwe na mchezo mwingine. Ukinyimwa siku ya tatu, basi fainali ianze mapema iwezekanavyo siku ya nne, na mechi ya mshindi wa tatu ichezwe siku moja kabla ili isiichafue pichi wala kula muda. Nakuhakikishia waandaaji wakubwa watakuambia kriketi inadai mno. Waambie ukweli: bila akiba hiyo, watajikuta wanagawa medali mezani.

Pili, hakikisha kila timu inacheza makundi, hata mechi mbili tu. Ukiwa na makundi una kipimo chako mwenyewe, huhitaji kuazima viwango vya nje.

Kisha andika, na uandike kwa maneno ambayo mzazi aliyesimama mvuani ataelewa. Mimi ningeandika hivi: "Mechi ni ova 15 kwa kila timu. Mvua ikipunguza muda, ova zitapunguzwa kwa usawa, lakini hakuna matokeo mpaka kila timu imepewa nafasi ya kupiga ova 5. Fainali isipokamilika itaendelea asubuhi ya akiba, kuanzia ilipoishia. Mechi nyingine ya mtoano ikishindikana, timu iliyomaliza juu zaidi kwenye makundi itasonga mbele. Fainali ikishindikana hata asubuhi ya akiba, timu zote mbili ni mabingwa." Weka na saa kamili ya mwisho ya kuanza tena, imeandikwa kwa tarakimu, isiachwe kwenye busara ya mtu. Soma yote mbele ya manahodha na makocha kabla ya mpira wa kwanza wa mashindano, waweke sahihi. Usichanganye hapo mechi iliyofungana na mechi isiyo na matokeo. Waliofungana wamemaliza kazi yao, hao wapewe supa ova, yaani ova moja ya ziada kwa kila timu ya kutafuta mshindi.

Kuhusu DLS, kuwa mkweli kwa uwezo wako. Hesabu za kweli hufanywa kwa programu rasmi na mwandika alama aliyefunzwa. Ukiwa naye, tumia. Usipokuwa naye, usipakue majedwali ya zamani ukayatumia nusu nusu. Zamu ikikatwa katikati utakosea na hutajua kwamba umekosea. Ni afadhali kanuni yako iseme kwamba timu ya pili ikipunguziwa ova, lengo litapigwa kwa wastani wa mikimbio kwa ova, huku kila mtu akijua kwamba wastani unaipendelea timu ya pili. Ule mfano wa shaba unaonyesha kwa kiasi gani: kwa wastani, lengo la Bangladesh lingekuwa 49, siyo 65.

Kuna mambo mawili ambayo usiyaamue kwa kusoma majibu yangu. La kwanza ni radi. Ukisikia ngurumo, vijana watoke uwanjani papo hapo, wasijikinge chini ya miti wala chini ya turubai lenye nguzo za chuma, na wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mpango huo ukae na mtu wa usalama na mtu wa huduma ya kwanza wakiwa wamesimama uwanjani pamoja nawe, muone kwa macho jengo watakalokimbilia. La pili ni ardhi. Mtafute mwamuzi mwenye cheti aje aukanyage uwanja wako siku moja baada ya mvua kabla ya tamasha, mtembee naye kutoka pichi hadi mpakani, akuonyeshe maji yanapotuama. Kijana wa miaka 16 anayerusha kwa kasi, magoti yake bado yanakua. Uamuzi wa kama panateleza au hapatelezi hauwezi kufanywa na mtu aliye mbali, wala na kocha anayetaka mechi ichezwe.

Kama wewe mwenyewe una timu kwenye tamasha hilo, naomba uachie mtu mwingine kiti cha kuamua lini mechi inavunjwa. Nakuamini, lakini mzazi wa upande wa pili hakujui.

Michezo ya Asia ijayo ni Aichi na Nagoya mwaka 2026, kriketi imo. Na siku tisa tu baada ya ile fainali, tarehe 16 Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Mumbai ikakubali kriketi irudi Los Angeles 2028; baadaye ikaamuliwa ziwe timu sita za wanaume na sita za wanawake. Mara ya mwisho ilikuwa Paris 1900, mechi moja tu, Uingereza na Ufaransa. Nitafungua kwanza ukurasa wa siku ya akiba kanuni hizo zikitoka.

Huyo kijana aliyekuuliza usimwachie swali hilo liishe hivihivi. Mkalishe na kitabu cha alama, mpe zile ova tano za Bangladesh na ule mpira wa mwisho wa Rakibul aupige hesabu mwenyewe, halafu mpe rasimu ya kanuni zako azisome atafute tundu. Atakaloliona, nitumie pamoja na rasimu kabla hujapanga makundi.